Jagi Lililodanganya Shavu

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, mwalimu wa ufinyanzi alizunguka karakana ya shule akibandika vyombo shavuni. Alichukua kikombe kimoja kimoja, bakuli moja moja, akakiegemeza kwenye shavu lake la kulia na kufumba macho kana kwamba anasikiliza siri. Chombo chenye baridi kilikuwa bado na maji ndani yake, hivyo kilirudi rafuni. Kisicho na baridi kilikuwa kimekauka, nacho kiliingia kwenye tanuri kuchomwa. Kufikia saa ya kwenda nyumbani shavu lake lilikuwa limejaa vumbi la udongo, na wanafunzi walinong'onezana kwamba mwalimu ameshinda akibusu vyungu.

"Chekeni tu," aliwaambia. "Miaka ishirini sasa, shavu hili halijapasua hata kikombe."

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye wenzake walimwita Umeme, kwa sababu kungoja hakukujua kabisa. Hata chai aliinywa ikimuunguza ulimi. Alikuwa amemfinyangia bibi yake jagi lenye tumbo la mviringo na mkono uliopinda vizuri, na bibi alikuwa ameahidi kuja kuliona siku ya maonyesho. Tatizo lilikuwa kitako cha jagi. Kilikuwa kinene mno, hivyo kilichelewa kukauka, na Ijumaa mbili mfululizo mwalimu alikuwa amesema, "Bado. Lina baridi."

Ijumaa ya tatu Umeme hakwenda kucheza wakati wa mapumziko. Aliingia karakana peke yake, akaliweka jagi dirishani kwenye jua kali, akawa analigeuza upande huu na upande ule mpaka likapata joto. Mwalimu alipolibandika shavuni alitabasamu.

"Haya! Leo limekubali."

Umeme alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mwiba ndani yake.

Jumatatu tanuri lilipofunguliwa, darasa zima lilisogea kuchungulia. Jagi lilikuwa limepasuka vipande vipande, na vipande vyake vilikuwa vimevunja bakuli la jirani. Bakuli hilo lilikuwa la Twiga, mvulana mrefu aliyekaa meza moja na Umeme. Alilitengeneza kwa wiki tatu, na ndicho chombo pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha.

Mwalimu aliokota kipande cha kitako, akakigeuza mkononi.

"Kulikuwa na maji humu," alisema polepole. "Yalipochemka yakakosa pa kutokea. Wanangu, nisameheni. Shavu langu limezeeka. Nitamwomba mkuu wa shule atafute mtu mwingine wa kusimamia tanuri."

Twiga, machozi yakimlengalenga, alimgusa Umeme begani.

"Pole. Hata wewe umepoteza jagi lako."

Afadhali angemtukana. Umeme alichukua mkoba wake, akatoka mbio mpaka getini, Twiga akimfuata, na hapo akasimama. Alipogeuka alimwona mwalimu kupitia dirisha, anafagia vigae huku mkono mmoja umeshika shavu. Umeme akamvuta Twiga kwa shati, wakarudi wote wawili.

"Mwalimu, shavu lako halina kosa," alisema kwa haraka kabla woga haujamrudia. "Nililianika jagi dirishani ili lisiwe na baridi. Nilikudanganya."

Mwalimu aliegemeza ufagio ukutani. "Kwa muda gani?"

"Kama dakika kumi na tano."

"Na kitako je?"

"Sikukifikiria."

"Wiki tatu, Umeme!" Twiga alipaza sauti. "Wiki tatu zangu, kwa dakika zako kumi na tano!"

"Najua. Nisamehe. Nitakukandia udongo wako wote mpaka maonyesho."

Kukanda udongo ndiyo kazi iliyochosha mikono kuliko zote. Twiga alifikiri kidogo. "Na zamu yangu ya kufagia."

"Na ya kufagia."

"Na kazi zangu za hesabu."

"Usivuke mpaka wewe!" mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Umeme alikanda mpaka mabega yakauma. Twiga akatengeneza bakuli jingine, jembamba kuliko la kwanza, na Umeme naye akaanza jagi jipya. Ijumaa ya mwisho kabla ya maonyesho, mwalimu alimwita mbele.

"Leo shavu ni lako."

Umeme alilibandika bakuli la Twiga, akafumba macho. "Limekauka." Kisha akalichukua jagi lake. Darasa zima lilimtazama. Alilishikilia shavuni muda mrefu, akitamani liwe limekauka, halafu akalirudisha rafuni mwenyewe.

"Bado. Lina baridi."

Siku ya maonyesho bakuli la Twiga liliwekwa katikati ya meza. Bibi alizunguka mara mbili, miwani puani. "Mjukuu wangu, mbona jagi langu silioni?"

Umeme alimpeleka kwenye rafu, akamweleza yote bila kuficha. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao.

"Bibi, alinidanganya kweli," alisema, "lakini alirudi kuniambia kwa kinywa chake. Umeme, kazi ya udongo huwezi kuifupisha kwa ujanja, maana moto utakuumbua. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajajitwisha kosa lako."

"Nimeelewa, mwalimu."

Bibi alilibeba jagi kwa mikono miwili, akalibandika shavuni, akafumba macho. "Lina baridi kweli. Basi nitakuja tena wiki ijayo."

"Bibi, shavu lako limechafuka udongo," Umeme alimwambia.

"Liache," bibi alijibu, akitembea kuelekea mlangoni kwa maringo. "Wanione nimetoka kwa wafinyanzi."