Ile Laini

Jua lilikuwa limeshazama. Evelyn alikuwa anafunga kibanda chake cha vepu, hizi sigara za kuchaji, karibu na stendi ya Moshi. Alipanga chupa za maji ya kuvuta: embe, kahawa, mnanaa. Mkono wake uliruka chupa moja, ile ya kijani, mnanaa mkali kuliko yote. Tangu Mathew azikwe hakuweza kuigusa.

Mathew alikuwa mpagazi wa mlimani, mtu wa Kibosho, mcheshi. Alitaka kuacha sigara. "Dada Evelyn, nichagulie ile laini," alimwambia. Laini ilikuwa imekwisha. Evelyn alijua vizuri kwamba ile kali ni ya vifaa vidogo. Kwenye kifaa kikubwa kama cha Mathew ingempiga kifua kama nyundo. Lakini hakutaka mteja ahamie duka la jirani. Akabandua lebo, akamkabidhi.

"Hii hapa. Laini kabisa."

Safari iliyofuata Mathew alianguka mlimani, mzigo ukiwa kichwani. Daktari alisema ni moyo. Evelyn akaenda msibani, akalia kama watu wengine, akaificha siri ya lebo.

"Hodi."

Hakuwa amesikia mtu akija. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye koti la mvua la mlimani, kofia ya sufu imemfunika uso, yamebaki macho. Koti lilikuwa linadondosha maji.

Nje hapakuwa na mvua.

"Karibu, kaka. Habari za jioni?"

Aliweka kifaa chake juu ya meza.

"Nichagulie..." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeishiwa pumzi. "Ile laini."

Evelyn alimfungulia chupa ya embe anuse. Akatikisa kichwa. Ya kahawa. Akatikisa kichwa. Kisha kidole chenye udongo mwekundu chini ya ukucha kikanyooka taratibu, kikaelekea ile ya kijani.

"Hiyo... ni laini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema kweli. Lakini alichotaka ni mtu yule aondoke tu.

"Laini," akasema.

Mtu yule akajaza kifaa, akavuta. Akavuta. Akavuta tena, kifua kikipanda, kikipanda...

Mvuke haukutoka.

Haukutoka mdomoni wala puani. Na harufu iliyojaa kibandani haikuwa ya mnanaa. Ilikuwa ya udongo mbichi na migomba iliyotoka kukatwa, kama pale alipozikwa Mathew.

"Asante, dada," akanong'ona. Akaingia gizani.

Usiku ule Evelyn hakulala. Kulipopambazuka alipanda Kibosho, mkononi ameshika jani la isale, kama Wachagga waombavyo msamaha. Kornelia, mama yake Mathew, alikuwa anafagia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi?"

Evelyn akapiga magoti, akanyoosha jani kwa mikono miwili, akasema yote: lebo, uongo wa kwanza, na uongo wa jana. Kornelia alisikiliza, fagio mkononi, machozi yakimtiririka bila sauti. Lakini isale likishaletwa, halikataliwi. Akalipokea.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Kama ni hayo maji yako au ni moyo, Mungu ndiye ajuaye."

Evelyn akashusha pumzi.

Ndani ya nyumba, mtu akakohoa.

Kikohozi kirefu, kikavu, cha kifua kilichobanwa.

"Una mgeni, mama?"

Kornelia hakugeuka kuutazama mlango.

"Naishi peke yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kimeanza jana jioni. Ulipokuwa unasema yako, kilinyamaza. Nikadhani kimekwisha..."

Wakatega sikio wote wawili, hakuna aliyethubutu kusogea.

Kikohozi kikasikika tena. Safari hii, karibu zaidi na mlango.