Uzi Ndani ya Kuku

Suruali ya fundi miwani ilipasuka katikati ya benki, mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Aliinama kuokota kalamu, mshono ukaachia, na watu wote wenye adabu wakaanza kutazama dari. Nyuma yake alisimama mwanamke wa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, sindano kaichomeka kwenye ukosi.

"Usigeuke, kaka," akamnong'oneza. "Mimi ni fundi cherehani. Simama hivyo hivyo, jifanye unawaza mambo mazito."

Akamshona palepale huku foleni ikisogea. Mwanamume alipouliza amlipe nini, akaambiwa anunue suruali inayomtosha, akapewa na namba ya simu ya fundi. Jioni alipiga simu kushukuru, kesho yake akapiga bila sababu, na tangu hapo hakuna mchana uliopita asimuulize Sindano, ndivyo alivyomwita, amekula nini.

Walipendana kweli, tusiwasingizie. Lakini mwaka ulizunguka na Sindano alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa mpenzi wake. Fundi miwani alikuwa amefiwa na mkewe, akiishi na mama yake na binti yake. Kila Sindano alipotaja kwenda kuwasalimu, mama alikuwa na presha au binti alikuwa na mitihani. Mwisho akamwambia waziwazi kwamba amechoka kupendwa mikahawani.

"Jumapili njoo upike, tule wote," mwanamume akasema, amemshika mkono. "Tukiwa mezani nitawaambia huyu ndiye ninayetaka kumwoa. Naapa, mpenzi."

Sindano akanunua kitabu cha mapishi, akafungua ukurasa wa kuku wa kuoka, mzima, ngozi rangi ya asali. Alijaribia kwenye oveni ya jirani. Kuku wa kwanza aliungua nje, ndani mbichi. Wa pili jirani alimla hadi akalamba vidole, na Sindano akalala usingizi mtamu wa mtu anayetarajia kuolewa.

Jumapili, katika jiko la watu, alimpaka kuku siagi na vitunguu saumu, akamjaza ndimu tumboni. Kitabu kilisema afunge miguu kwa uzi wa pamba, basi. Lakini tumbo lilibaki wazi, na jicho la mshonaji haliwezi kuvumilia mshono ulio wazi. Akatoa uzi mkobani, akalishona tumbo lile kwa mshono mdogo mdogo, mzuri kuliko wa shati. Wasiwasi ulimfanya asahau jambo ambalo siku nyingine angelijua hata usingizini: uzi ule ulikuwa wa nailoni.

Kuku alitoka oveni akipendeza kama wa kitabuni. Mezani, bibi, mama yake fundi miwani, alitafuna kidogo, akasita, akavuta mdomoni kitu kirefu kilichoyeyuka. Harufu ya plastiki ikapanda. Binti akaweka uma chini.

"Mwanangu, huu si uzi?" bibi akauliza.

Sindano aliona aibu hadi masikio yakawaka. Akaomba radhi, akaeleza kosa lake. Bibi hakukasirika, alicheka hadi akafuta machozi, kisha akamgeukia mwanawe kwa upole. "Na wewe hujatuambia. Huyu mgeni wetu ni nani hasa?"

Mlango ulikuwa wazi, kilichobaki ni kupita. Sindano akamtazama mpenzi wake aliyevaa shati alilomshonea yeye. Mwanamume akamtazama binti, akavua miwani, akaifuta.

"Ni fundi wangu wa nguo, Mama. Nilimwomba aje atusaidie jikoni."

"Nilijua tu," bibi akasema. "Hata kuku kamshonea sare." Binti akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Sindano akainuka, akakusanya sahani, kwa kuwa msaidizi wa jikoni hufanya hivyo. Aliziosha zote. Aliaga vizuri, na bibi akamshukuru, akamwita fundi.

Hakufika hata kona, simu ikaita.

"Mpenzi, nilibabaika," mwanamume akasema, sauti chini. "Mtoto alikuwa ananitazama. Nipe muda kidogo tu."

"Wako wapi sasa?"

"Bado mezani. Wanakula matunda."

"Basi rudi uwaambie. Mimi nasubiri hapa hapa kwenye simu. Sikasiriki, baba. Nataka tu kusikia."

Alisimama kando ya barabara, kiganja kimoja kimeziba sikio kwa ajili ya magari. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma. Akasikia hatua, kiti kikivutwa, vijiko. Akasikia pumzi ya mtu anayetaka kusema. Kisha sauti ya bibi, kwa mbali, ikauliza ni nani huyo kwenye simu.

"Ni mtu wa kazini, Mama," mwanamume akajibu.