Pete Mguuni mwa Maureen

Maureen alivaa pete moja tu ya chuma mguuni, lakini alipovuka jikoni zililia mbili.

Nyanya yake Esnah, aliyekuwa akimenya ndizi, hakuinua kichwa. Alisikia, basi.

Mjukuu huyo ni msomi wa mambo ya kale. Wiki ile yeye na wenzake walifukua kaburi la mwanamke juu ya machimbo ya mawe ya kijiji cha Tabaka, wakatoa shanga za buluu, kauri za baharini na ebitinge, zile pete za miguuni ambazo mke wa enzi za kale hakuvua mumewe akiwa hai. Alisema vitu hivyo vitaonyesha watu walitoka wapi na walipita njia gani. Esnah akamwuliza kama wasomi hawajui kumwuliza mwanamke kwao bila kumvua nguo. Maureen akacheka. Alikuwa amejaribu pete moja ili aipige picha, na sasa haitoki.

Sabuni ilishindwa, mafuta yakashindwa. Siku ya tatu mguu ulipoa, ukichomwa sindano hausikii. Siku ya nne akaanza kupakua sahani ya tatu ingawa walikuwa wawili tu, akaitenga pasipo na kiti, ikabaki bila kuguswa, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka sakafuni mchana jua likiwaka, ikakaa kwenye blanketi na kwenye chai na kwenye nywele za msichana, hata Esnah akawa anakula bila kuvuta pumzi na bila kumwambia mtu.

Mwishowe akamwita jirani yao Okemwa, mzee wa kanisa, aje na msumeno wa chuma.

"Hizi hazikatwi mume asipokubali," Okemwa akanong'ona.

"Mume wake ni mifupa. Kata."

Akaomba, akakata. Pete ikaanguka.

"Unajisikiaje?" Esnah akauliza.

"Sijisikii, nyanya."

Jioni walirudisha kila kitu kaburini, hata kauri, wakafukia. Okemwa akasimama akiangalia ardhi.

"Mke huzikwa kushoto mwa nyumba," akasema. "Upande wa kulia, wa mume, mlichimba?"

"Hatukufika," akasema Maureen.

Wakarudi nyumbani. Maureen akaingia jikoni, mguu mtupu, akapakua sahani tatu.

Safari hii zote tatu ziliisha.