Kaburi Nililoliacha Nje ya Ramani

Nina miaka sabini na minane. Mungu amenipa wajukuu, meno machache na subira ya kutosha. Lakini kila nikiona mtu amekunja ramani ya kiwanja kwapani, huinuka nikatafute kazi ya kufanya. Wasomaji wenzangu, niacheni niwaeleze.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na soko la Nyaramba. Nilikuwa nimebatizwa, na siku ya Sabato nilifundisha watoto amri kumi. Baba alipofariki, shamba liligawanywa. Mimi nilipata kipande cha kando ya barabara. Ndugu yangu mkubwa, Momanyi, akapata cha kule chini mtoni, akahamia huko.

Kwenye kipande changu, kando ya nyumba ya zamani ya Momanyi na mkewe, alikuwa amezikwa mtoto wao wa kwanza. Alikuwa hajaanza hata kutambaa... Momanyi alikuwa kazini kwenye mashamba ya chai Kericho, kwa hiyo kaburi nililichimba mimi. Hatukuweka jiwe wala msalaba. Kwetu kaburi hujulikana kwa watu, si kwa alama. Mbele ya mama yetu nilimwahidi shemeji yangu Nyaboke kwamba hakuna jembe litakalogusa pale.

Kisha nikataka kujenga nyumba ya mashine ya kusaga mahindi. Baraza la wilaya lilitaka ramani ya mahali, na karani akanionya: "Mwalimu, onyesha kila kitu kilichopo, hata makaburi. Penye kaburi utasogezwa nyuma."

Nyuma kulikuwa na mteremko. Nani angepanda huko na gunia kichwani?

Nilichora jioni mbili kwa rula na wino. Nikaweka barabara, choo, mparachichi, hata zizi la ndama la jirani. Kaburi sikuliweka. Ni nukta moja tu, wapenzi wasomaji... nukta moja niliyoinyima wino!

Afisa alipokuja kukagua, alisimama palepale. "Hapa hakuna kitu?"

"Hakuna," nikajibu.

Wakati huohuo Nyaboke alikuwa akipita na kikapu cha majani ya chai. Akatusalimia kwa furaha, akaniuliza kama mgeni amepewa chai. Je, ardhi haikupaswa kunimeza?

Kibali kilikuja. Tangu siku hiyo sikutulia. Kanisani nilihama benchi hadi benchi. Darasani nilishindwa kuwachorea watoto ramani ya kijiji chao. Chaki ilinikatikia mkononi.

Jumapili moja mafundi wakaanza kuchimba msingi. Nyaboke alipopata habari akapanda kutoka mtoni, akamsihi fundi amsomee ramani yangu aliyokuwa ameishika, kitu kimoja kimoja. Alipomaliza kusikiliza, akashuka ndani ya mtaro akaketi.

"Shemeji," akasema bila kupaza sauti, "wewe ndiwe uliyemchimbia."

Nikasema nilisahau mahali.

"Ndama wa jirani ana mahali kwenye karatasi yako. Mtoto wangu hana?"

Fundi aliweka jembe chini. Ulikuwa umebaki upana wa mikono miwili kufika kaburini.

Momanyi alikuja kutoka Kericho, akaufukia mtaro peke yake. Nilipochukua jembe nimsaidie, aliniambia, "Mwalimu, nenda ukachore." Hakuniita tena ndugu. Mama alifariki tukiwa hatujala sahani moja.

Nilirudi kwenye baraza nikakiri uongo wangu, na kibali kikafutwa. Nikachora ramani nyingine, kaburi likiwamo, lakini niliizungusha nyumbani mwangu kwa miaka miwili, mara kabatini, mara chini ya godoro, kwa kuogopa kuwapelekea Momanyi na Nyaboke. Mwishowe niliomba, nikashuka mtoni.

Momanyi alitazama ukuta. Nyaboke ndiye aliyeipokea. Akaniuliza barabara iko wapi, kisha mlango wake wa zamani. Nikamshika kidole nikakiweka pale nilipouchora.

"Umekosea," akasema. "Mlango wangu ulitazama kaburi. Ndiyo maana tulimlaza pale, niwe namwona nikifungua."

Nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Akamtazama mumewe, mumewe akakisukuma kigoda kwa mguu kuja upande wangu.

"Keti," Nyaboke akasema. "Urekebishe."

Niliketi, nikarekebisha. Namshukuru Mungu kwa kigoda kile kuliko kwa jengo lolote.

Pale kando ya barabara hapajajengwa hadi leo. Ndugu zangu, siku mtakapotakiwa kuonyesha kilichopo juu ya ardhi yenu, nawasihi, anzeni na kile mnachotamani afisa asikione.