Zinia Nyuma ya Pipa

Kila asubuhi Ardith Koehn alianza na kuku, kisha tuta la maua. Akishawamwagia kuku mahindi, alijaza ndoo na kwenda kunywesha zinia zilizokuwa chini ya dirisha la jikoni. Bado zilikuwa miche ya urefu wa kidole, lakini hapakuwa na nyingine. Mama yake, aliyefariki wakati wa theluji, aliacha mbegu nusu kopo la kahawa, na baba yake, Vernon, alizipanda zote asibakize hata moja.

"Zikichanua Agosti, tutampelekea makaburini," alisema.

Jumamosi hiyo baba aliondoka mapema kwenda kukata nyasi za ng'ombe. "Palilia tuta, binti. Polepole. Kila mche uushike kabla hujaung'oa."

Ardith alianzia nyuma ya pipa la maji ya mvua. Hajamaliza hata hatua moja, rafiki yake Twila Brandt akatokea uzioni, taulo shingoni.

"Wewe bibi kizee! Kijito kimejaa, wenzio tunakwenda kuogelea, wewe unabembeleza majani?"

"Ningoje kidogo tu!"

Akaanza kung'oa kwa mikono miwili. Kilichoonekana dhaifu alikitupia kuku, kilichonawiri alikiacha. Kuku walikula mpaka mizizi.

Waliporudi mchana, nywele zikichuruzika maji, Vernon alikuwa amechuchumaa penye tuta, kofia mkononi.

"Ardith, huu ni mchicha pori mtupu. Zinia ziko wapi?"

Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Gari la kaunti, baba. Limepita asubuhi likipuliza dawa ya magugu. Zimenyauka zote, nikazitupa."

Angetaja jambo lingine lolote, baba angeuliza maswali. Hili hakuliuliza.

"Ni hao hao!" alifoka. "Daraja waliliacha limevunjika miaka miwili, gari la wagonjwa likazunguka maili ishirini, mama yako akakata roho njiani. Sasa hata maua yake! Leo Otis Brandt atarudisha funguo za lile gari, na mimi nikimtazama."

Twila alibadilika uso. Otis, dereva wa gari lile la kaunti, alikuwa baba yake. "Mzee Koehn, baba leo hafanyi kazi! Yuko nyumbani amelala!"

"Nyamaza, mtoto. Mnalindana tu."

"Ardith, si umwambie!"

Ardith aliangalia vidole vyake vya miguu. Mama hayupo. Maua yamo matumboni mwa kuku. Na sasa baba yake Twila atakosa kazi. Vernon alipanda gari lake, likanguruma. Hapo akakimbia, akasimama mbele ya gari, viganja juu ya boneti ya moto.

"Toka hapo!"

"Ni mimi, baba! Hakupita mtu! Niling'oa mimi, nikawapa kuku. Nilitaka kuwahi kuogelea!"

Injini ikazimwa. Vernon alishuka, akaufunga mlango taratibu.

"Zote?" aliuliza.

Ardith alikuwa analia. Kisha akakumbuka. "Nyuma ya pipa! Pale nilipalilia polepole!"

Walipiga magoti wote watatu. Vernon alimshikisha Ardith jani la kwanza. "Fumba macho. Lina kikonyo kirefu? Mchicha huo, ng'oa. Na hili?"

"Halina kikonyo. Limekumbatia shina. Yako mawili, yanatazamana. Linakwaruza kama ulimi wa paka."

"Hiyo ndiyo zinia."

Ilibaki miche mitatu tu. Vernon aliizungushia vijiti.

"Wakubwa wa kaunti wamenikosea mengi, na sijawasamehe," alisema. "Lakini hili hawakulifanya. Nimekuamini upesi kwa sababu nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na hilo ni kosa langu. Lako ni hili: ukiharibu kitu, sema umeharibu, saa ile ile, kabla mtu mwingine hajabeba mzigo wako. Sasa twende kwa Otis. Ataanza mkubwa kuomba radhi, kisha mdogo."

Agosti, walipeleka makaburini ua moja jekundu. Mengine waliyaacha yakauke palepale shinani, na Ardith akayapukuchua mwenyewe, mbegu moja moja, ndani ya kopo la kahawa.