Kenge Mwenye Ndevu na Sheria Mpya ya Kisiwa

Haya ninayoandika ni kweli tupu, chumvi hamna hata punje. Naapa kwa miguu yangu hii, iliyosoma mita za maji za kisiwa chetu kwa miaka thelathini na moja na haijapata kunidanganya.

Sebule yetu haikuwa sebule tena. Binti yangu ni fundi cherehani, na vyerehani vyake vitatu vilikaa mahali pa makochi. Nilikula nimesimama. Siku moja nilitafuna pini. Siku nyingine nilivaa shati, nikakuta lina mikono mitatu.

"Jenga chumba huko nyuma, mwanangu," mke wangu alimwambia. "Jenga kabla baba yako hajashonwa akauzwa."

Na haraka ilikuwepo. Shule ya msingi ilimpa binti kazi ya kushona sare za wanafunzi wote. Sharti lilikuwa moja: kabla ya muhula kuanza, awe na chumba cha kazi na sare ziwe tayari. Akishindwa, kazi inakwenda kwa mwingine. Basi akachora ramani, akaipeleka ofisini kuomba kibali.

Akarudi uso umemshuka. Juu ya ramani palikuwa na muhuri mwekundu.

"Wameniambia nisubiri," alisema. "Eti nyuma ya nyumba yetu anaishi mnyama adimu."

"Mnyama gani?" mama yake akauliza.

"Kenge mwenye ndevu."

Chai ikanipalia.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miezi mitatu kabla ya hapo, afisa wa wanyamapori alipita mitaani na fomu. Ni msichana mdogo, mpole, viatu vyake vikubwa kuliko yeye. Alitukuta wazee tumekaa kwa kinyozi.

"Wazee wangu, sheria yetu ya wanyama imezeeka," alisema. "Inataja wanyama kumi na mmoja tu, na mmoja kati yao ameshatoweka. Mayai ya ndege haiyataji. Mimea ndiyo kabisa, haimo. Sasa tunaiandika upya. Tuambieni mmeona nini, na wapi."

Mimi nilisikiliza nusu. Nikajaza fomu hivi: "Kenge. Ana ndevu nyeupe. Hukaa nyuma ya nyumba yangu. Mchana hupiga miayo." Nilitaka kuwachekesha wenzangu tu. Lakini nilimsimulia vizuri mno, maana wote kumi na wanne nao wakajaza kwamba wamemwona.

Mashahidi kumi na watano si mchezo. Kenge akaingia kwenye rasimu ya sheria. Mabango yakabandikwa kisiwa kizima: anapokaa mnyama huyu pasijengwe, mpaka uchunguzi uishe.

Ningesema ukweli siku hiyo hiyo, yangekwisha. Lakini kuumbuka mbele ya mke si kazi ndogo. Nikanyamaza.

Afisa akaja kuchunguza. Akafunga kamera kwenye mpera wetu, ile inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Wakati huo mimi nilikuwa nimejificha chooni, kwa hiyo habari za kamera hazikunifikia.

Humo chooni nikapata wazo. Kenge ambaye hayupo huwezi kumfukuza. Kumhamisha, labda. Saa nane mchana, watu wamelala, nikachukua uma na ufagio. Nikapiga magoti mchangani, nikachora nyayo na alama za mkia, kutoka kwetu hadi kwenye uzio wa mwenyekiti wa mtaa. Nikasema moyoni, ahamie huko, mwenyekiti ana nafasi.

Kesho yake afisa alikuja. Mke wangu akamkaribisha chai.

"Mama, mnyama wenu nimempata," alisema. "Ana ndevu nyeupe kweli. Ila anavaa kaptula."

Akaweka picha mezani. Mimi huyo, uma mkononi, ndevu zinafagia mchanga.

Mke wangu aliitazama sana. "Kaptula hii naifua mimi," alisema.

Binti yangu hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. "Baba, zimebaki wiki kumi shule ifunguliwe," alisema. "Muda wote ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mwanangu. Nisamehe."

"Mzee, hebu angalia hapa," afisa akasema. "Karibu na goti lako."

Nikavaa miwani. Ndege mwenye miguu mirefu na macho makubwa ya manjano alikuwa amesimama, amekasirika. Mbele yake palikuwa na vitu viwili vyenye madoa.

"Mawe," nikasema.

"Ndivyo anavyotaka udhani. Huyo ni chekeamwezi. Hutaga chini, kwenye ardhi tupu. Ungesogeza goti shubiri moja, mayai yangekuwa uji."

Binti akakunja ramani yake. "Kwa hiyo sijengi."

"Utajenga, dada. Sheria haikatazi watu kujenga. Inataka tuangalie kwanza. Kwa sheria ya zamani, mtu angeyakaanga mayai haya na asiulizwe. Mpya tunayoiandika inasema kiota chenye mayai au makinda kisiguswe mpaka makinda waondoke. Ulitaka kujenga wapi?"

"Hapo hapo alipo."

"Basi sogea upande wa jikoni."

Tukatoka wote. Tukapima hatua ishirini na tano kutoka kwenye kiota, tukazungusha kamba. Afisa akasema mafundi wapite mbele tu.

"Na hili chaka?" mke wangu akauliza. "Nililitaka kwa kuni."

"Liache, mama. Ukilikata, makinda watakosa kivuli. Nalo limo kwenye orodha mpya."

Wiki hiyo muhuri mwekundu ukafutwa, kibali kikatoka. Makinda wawili wakaanguliwa wakati mafundi wanapiga lipu. Chumba kikaisha, na sare zikapelekwa shuleni siku tatu kabla ya muhula. Sasa nakula nimekaa. Sheria ilipopitishwa, chekeamwezi na chaka lake walikuwemo. Picha ile ilionyeshwa mkutanoni. Mimi walinikata, ila goti likabaki.

Lakini yangu yalikuwa hayajaisha.

"Mzee, mabango sitini na manne yana jina la mnyama wako," afisa aliniambia. "Gundi hii hapa, na karatasi hizi hapa."

Nilizunguka siku tano na ndoo. Bango la mwisho lilikuwa gatini, pembeni ya dirisha la tiketi. Nikapaka gundi, nikafunika jina la kenge. Mkata tiketi akatoa kichwa.

"Mzee, mbona unamfuta?"

"Hayupo, dada. Nilimbuni mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Acha uongo, mzee. Mimi nilimwona Jumanne."

Nikaweka ndoo chini, nikaanza kumweleza tangu mwanzo. Boti mbili zilipakia, zikaondoka. Mpaka leo hajaniamini.