Uzio wa Mkurugenzi

Kinyozi alikuwa na kibanda chake cha kunyolea mbele ya nyumba. Mkewe, fundi cherehani, alishonea nguo barazani. Asubuhi mkasi ulilia huku na cherehani ikalia kule, na maisha yakaenda.

Kisha mama mkwe akahamia kwao. Alikuja na sanduku moja, mto wake wa kulalia, na farasi.

Alikuwa farasi wa kimo kifupi, mwenye tumbo kubwa na shingo nene. Alitembea polepole, akitazama kila kitu kama anayekagua kazi. Jina lake lilikuwa Mkurugenzi.

"Alikuwa wa marehemu kaka yangu," alisema mama mkwe. "Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa karoti tu. Sasa hana mtu mwingine."

"Karibuni nyote wawili, mama," alisema Kinyozi. Kumkatalia mama mkwe lilikuwa jambo asiloliweza.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja cha majani. Kilichokosekana ni uzio.

"Tumuulize mtu anayejua farasi," alisema mkewe.

"Uzio ni uzio tu," alijibu Kinyozi. "Niachieni mimi."

Siku hiyohiyo alichimbia nguzo na kuzungushia waya wa miiba. Mlangoni aliweka chaga za kitanda cha zamani, akazifunga kwa kamba.

"Hapa hata sisimizi hatoki!" alitamba.

Kesho yake alikuwa akimnyoa mwalimu mmoja. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa tayari. Mara mwalimu akahisi pumzi ya moto shingoni.

"Kinyozi, leo umeleta mashine mpya?"

Kinyozi alitazama kwenye kioo. Aliona nyuso tatu. Moja ilikuwa ndefu mno, na ilikuwa ikitafuna taulo.

Mwalimu alitoka mbio na shuka la kunyolea shingoni. Mkurugenzi alikuwa amefungua fundo la kamba kwa midomo yake, akaja kuona kazi zinavyokwenda.

Mke wa Kinyozi alicheka mpaka akakosea mshono. Kinyozi hakucheka. Aliongeza waya wa miiba mistari miwili, akakaza kamba kwa mafundo saba.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne, pikipiki ilipita nyuma ya nyumba na kutoa mlio kama wa bunduki. Mkurugenzi alishtuka. Alikimbia moja kwa moja kuelekea kwenye uzio, na hakupunguza mwendo hata kidogo.

Kinyozi alisikia mama mkwe akipiga kelele. Alipofika, waya ulikuwa umezunguka mguu wa mbele wa Mkurugenzi. Kifua chake kilikuwa kimechanika. Kila alipojivuta, miiba ilizidi kuingia.

Mama mkwe alimshika kichwa na kumnong'oneza. Mkewe Kinyozi alileta koleo. Kinyozi alikata waya kipande kwa kipande. Damu ya farasi ilimchuruzikia mpaka viatuni. Mama mkwe hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Daktari wa mifugo alikuja upesi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na maneno machache. Alisafisha vidonda, akashona kifua, akamchoma Mkurugenzi sindano ya kuzuia pepopunda.

"Atapona," alisema. "Waya ungekata mshipa wa mguu, ningekuwa na habari nyingine. Nani kajenga uzio huu?"

Kinyozi aliinua kidole kama mtoto darasani.

"Njoo, kaka." Daktari alimpeleka mpaka katikati ya kiwanja. "Tazama kule. Waya uko mistari mingapi?"

Kinyozi alikodoa macho. "Nguzo naziona. Waya... siuoni vizuri."

"Na wewe umesimama, umetulia, na umeujenga mwenyewe. Je, mnyama aliyeshtuka na anakimbia? Farasi akiogopa, kinga yake ni mbio. Hasimami kufikiri. Uzio wake lazima auone kwa mbali, na akiugonga usimkate."

"Ng'ombe wanawekewa waya huu."

"Ng'ombe ana ngozi nene, na akiguswa na mwiba hurudi nyuma. Farasi akinaswa hujivuta kwa nguvu zote. Waya wa miiba hapana. Bati lenye makali hapana. Wavu wenye matundu ya kwato kuingia hapana."

"Basi tuweke nini, mwanangu?" aliuliza mama mkwe.

"Mbao, mama. Nguzo imara, mbao tatu pana zilizopigwa randa. Ya juu ifike kifuani kwa mkweo huyu. Ya chini iwe chini ya goti lake. Zipakwe rangi nyeupe. Na pembe msiziache kali. Zizungusheni kidogo, asije akajibana akakosa pa kugeukia."

"Na lango?" aliuliza mke wa Kinyozi, akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

"Komeo la chuma lenye pini. Farasi wana midomo yenye akili."

Kinyozi aliporudi ndani alikuta suruali yake imechanika nyuma. Waya ule ulikuwa umemnasa na yeye. Mkewe aliishona, mabega yake yakicheka.

Mkurugenzi alikaa katika banda dogo uani wiki mbili akitibiwa. Kinyozi alikusanya waya wote wa miiba, hata vipande vidogo majanini. Kisha akajenga upya, safari hii akipima kila ubao. Uzio ulipokamilika uling'aa. Daktari alipokuja kutoa nyuzi, Kinyozi alimngojea kifua mbele.

Daktari alitazama. "Mbao umezipigilia upande wa nje wa nguzo."

"Ndiyo, ili wapita njia wauone uzuri wake!"

"Hebu ingia ndani, uegemee kama farasi anavyojikuna."

Kinyozi aliingia, akageuka, akaegemea ubao kwa makalio. Alijisugua mara moja. Mara mbili. Misumari ikachomoka, ubao ukaruka, na Kinyozi akaanguka nje chali, juu ya rundo la samadi.

Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga. Khanga yenyewe ilitikisika.

"Umeelewa?" aliuliza daktari.

"Nimeelewa," alisema Kinyozi akiwa bado chini. "Ubao ukiwa ndani, farasi akiegemea anausukumia kwenye nguzo. Ukiwa nje, anausukuma utoke."

"Fundi mzuri huyu," alisema daktari. "Na kila asubuhi uzungukie uzio. Msumari uliotokeza, ubao uliopasuka, urekebishe siku hiyohiyo."

Kinyozi alihamisha mbao zote, moja baada ya nyingine. Akaweka komeo. Mkurugenzi alilijaribu kwa midomo siku nzima, akachoka, akarudi kwenye majani yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, Kinyozi aliuzunguka uzio akipapasa mbao kwa kiganja.

Asubuhi moja alikuwa ndani ya uzio, amepiga magoti akigongomea msumari. Jirani alikuwa akishusha mabati. Ghafla yote yakaporomoka kwa kishindo.

Mkurugenzi aliruka. Alikuja mbio moja kwa moja kwa Kinyozi. Kinyozi alirusha nyundo na kujitupa chini ya ubao wa chini, akatokea upande wa pili kwa tumbo. Lakini farasi alikuwa ameuona uzio. Aligeuka hatua kadhaa kabla ya kuufikia, akafuata mzunguko wa pembe, akapunguza mwendo, kisha akasimama akipiga chafya.

Mama mkwe alifungua komeo, akaingia. Alimpapasa Mkurugenzi mguu mmoja baada ya mwingine, yote minne. Akampapasa kifua, penye kovu. Kisha akainama juu ya uzio.

"Na wewe, baba, simama nikuone."

Kinyozi alisimama, vumbi hadi kwenye nyusi. Mama mkwe alimshika mkono wa kulia, akaukunja na kuukunjua. Akashika wa kushoto.

"Wazima wote wawili," alisema, akaenda kuwaletea karoti.